Pesa ya Kufungua Laptopu ya Dada

Mama aliichoma laptopu ya dada yangu kwa msumari wa moto, na aliichoma kwa mapenzi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mjini Mbarara walipoisikia habari hii waliianzia mwisho, wakacheka, wakaishia hapo hapo.

Mwanzo wake ni jerikeni. Mtu akifika Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, anapewa jerikeni, sufuria na blanketi, na vyote vinafanana na vya jirani. Bombani panajaa jerikeni za manjano za kijiji kizima, na kila mwanamke anaapa kwamba ile isiyovuja ndiyo yake. Kwa hiyo kila nyumba ina alama. Wengine wana herufi, wengine wana msalaba. Misalaba iliisha mapema, maana sisi Wakongo kwa kusali hatujambo. Alama ya kwetu ni duara lenye mikia miwili, na mama huipiga kwa msumari uliolala kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Iko kwenye jerikeni, kwenye mabeseni, kwenye mpini wa jembe, kwenye viti vya plastiki, mpaka kwenye soli za viatu vyangu vya shule. Nilipokuwa mdogo niliwaambia wenzangu kwamba na mimi ninayo mgongoni. Nilikuwa nawatoza karanga ili waione, nikishapokea karanga nakimbia.

Dada yangu amenizidi kila kitu isipokuwa ulimi. Alimaliza sekondari hapa hapa Uganda, kisha akapata nafasi ya kusomea afya ya jamii kwa intaneti, katika chuo kilicho nchi ya mbali ambako hata hatujui wanakula nini. Pale Base Camp, penye ofisi za kambi, kuna chumba cha kompyuta cha wanafunzi kama yeye, lakini kompyuta zilizo hai ni chache na foleni yake inashinda ya zahanati. Zamu ya mama ilipofika kwenye likelemba, yaani ule mchango ambao wanawake wa soko wanachanga na kila mmoja kwa zamu anabeba wote, mama alibeba, akaongeza pesa ya mahindi, akaenda na dada Mbarara, wakarudi na laptopu.

Walirudi pia na risiti yenye mhuri, na neno. Neno lenyewe duka lilisema ni waranti. Mama, aliyelijua kwa Kifaransa cha kwao, alisema garanti. Mwaka mzima, ikiharibika mnaileta, inatengenezwa bure. Mama alilipenda neno hilo kuliko laptopu yenyewe. Alilitangaza sokoni, nyuma ya mafungu yake ya ndagala, kama mtu anayetangaza mtakatifu mpya. "Iko na garanti," alikuwa akiwaambia hata waliokuja kununua samaki tu.

Jioni ile ile dada akaenda kuoga. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Mama aliigeuza laptopu kifudifudi kwenye mapaja yake, juu ya kitenge, akaikagua kama anayetafuta chawa. Kwenye pembe moja, juu ya skrubu, palikuwa na kikaratasi kidogo cha rangi ya fedha, chenye maandishi madogo ambayo hata sisi tuliosoma hatukuyasoma.

"Angalia," mama akaniambia. "Bameacha fasi ya alama."

Kwa kweli ilionekana hivyo. Kwenye sufuria tulizopewa palikuwa na nafasi, kwenye ndoo palikuwa na nafasi. Kwa nini watu wa laptopu wawe wajinga kuliko watu wa ndoo? Msumari ulikuwa tayari jikoni. Alishika pumzi, akachora duara, akachora mikia, moshi wa plastiki ukatutoa machozi. Dada aliporudi na taulo kichwani alipiga kelele moja, kisha akaitazama ile alama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa imekaa vizuri, hilo lazima niseme. Katikati kabisa ya kikaratasi.

"Sasa hata ikienda Ulaya itarudi," mama akasema.

Mimi nilipata chakula cha mdomo cha muhula mzima. Shuleni nilikuwa naigiza tukio hilo wakati wa mapumziko, kwa kuombwa: mama na msumari, mama anashika pumzi, mama anaibatiza kompyuta kwa moto. Nilimwiga sauti, nikamwiga mikono. Wenzangu walikuwa wanalala chini kwa kicheko.

Laptopu ilifanya kazi vizuri tu na alama yake. Ilikuja kufa wakati ambao haikupaswa kufa, dada akiwa anamalizia kazi yake ya mwisho ya chuo.

Kazi hiyo ilikuwa ni kuandika namna wanawake wa upande wetu wa kambi walivyojifungua, wapi, nani aliwashika, nini kilikosekana. Dada alipita nyumba kwa nyumba miezi kadhaa. Wakongo walimwambia, Warundi walimwambia. Mama naye alimsimulia, jinsi alivyonizaa mimi njiani tulipokuwa tunakimbia, na nani alikata kitovu, na kwa nini. Habari hiyo mimi mwenyewe mhusika sikuwahi kuambiwa. Nikiuliza, mama husema nilianguka kutoka kwenye mzigo. Lakini dada alisimuliwa yote, jioni kadhaa, wamefunga mlango, na yote yaliingia mle kwenye laptopu. Sura za mwanzo zilikuwa zimeshatumwa chuoni. Zile za wanawake wenyewe zilikuwa bado mle ndani tu, kwa sababu kutuma kunakula bando na bando lina bei yake. Siku ya mwisho ya kupeleka ilikuwa Ijumaa. Asiyepeleka hapati diploma, na kazi ya mwisho hairudiwi. Dada alitueleza hivyo huku anabonyeza kile kitufe cha kuwashia, anabonyeza, anabonyeza, na kioo kimekaa cheusi.

Mama hakushtuka hata kidogo. Alivuta mfuko wa plastiki wenye vyeti vyetu vya ukimbizi na kadi za ubatizo, akaitoa risiti.

"Unalia nini? Garanti ni ya nini sasa?"

Jumatatu wakaipeleka Mbarara wawili, wakaiacha. Jumatano asubuhi mtu wa duka akapiga simu kwamba tuje, tayari. Safari hiyo na mimi nilikwenda. Shule ilikuwa imenirudisha nyumbani kutafuta karo, nami nilikuwa natafuta kwa bidii popote ambapo karo haipo.

Duka liko kwenye mteremko, katikati ya famasi na mahali wanapokodisha magauni ya harusi. Ndani kuna kaunta ya kioo, na nyuma yake kijana mmoja aliyening'iniza shingoni kitambulisho kisicho na picha. Nyuma ya kijana kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna fundi. Fundi huyo sijamwona mpaka leo. Nilichoona ni mkono, ulikuwa unatokeza katikati ya pazia, unaweka kitu au unachukua kitu, unarudi. Nilimnong'oneza dada kwamba labda ndivyo alivyo, ni mkono tu. Hakucheka. Alikuwa ameshika kingo za kaunta kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

Kijana alianza kwa Kinyankole, akajaribu Kiingereza, kisha akamsikia mama akiongea nasi, akahamia kwenye Kiswahili, kile cha Uganda, cha askari, ambacho mtu akikiongea unatafuta kitambulisho mfukoni.

"Mama, karibu. Laptopu yako iko."

"Imepona?"

"Haijapona. Tulifungua, tuliona ugonjwa. Ile kitu kubwa ya ndani, ile inabeba zingine yote, ilikufa."

"Sawa," mama akasema, ametulia kabisa. "Muweke ingine."

"Nitaweka. Lakini utalipa."

"Kuna garanti."

"Waranti haiko, mama. Waranti nayo ilikufa."

"Sasa hapa kila kitu kinakufa," nikasema mimi, "hii ni duka ao ni mochwari?"

 Kijana aliigeuza laptopu, akaiweka juu ya kioo, akaweka kidole kwenye kile kikaratasi cha fedha, yaani kwenye majivu yake.

"Hii ni nini?"

"Ni alama yetu," mama akasema.

"Alama ya nini?"

"Ya nyumba yetu. Juu ya bezi, basituibie."

"Mulichoma na moto?"

"Na musumari."

"Mama! Hii ndiyo ilikuwa sili ya waranti! Ukiitoa, waranti imeisha. Iliandikwa hapa."

"Iliandikwa fasi gani?"

"Hapa. Penye mulichoma."

Na hapo ndipo alipocheka. Aliita nyuma ya pazia kwa Kinyankole, mkono ukatokea, ukaipapasa ile alama, na nyuma ya pazia pakatoka kicheko. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua chaja akasogea, akaelezwa, akacheka. Yule wa magauni ya harusi akaja mlangoni, akaelezwa, naye akacheka akishika tumbo. Kijana alimwonyesha jinsi ilivyokuwa: akashika kalamu kama msumari, akashika pumzi, akachora duara hewani.

Ulikuwa mchezo wangu. Neno kwa neno, mkono kwa mkono. Niliutazama kutoka upande mwingine kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama karibu na mama mwenyewe, aliyekuwa anatabasamu kidogo kwa adabu, kama mtu anayengoja wenye nyumba wamalize kicheko chao ili aeleze shida yake.  Nilitafuta la kuwajibu sikulipata, mimi ambaye mwalimu wa zamu aliwahi kusema nitaolewa na spika za kanisani.

Walipomaliza, kijana akaandika bili. Bei ya kubadilisha ile kitu kubwa ilikuwa karibu sawa na laptopu nyingine, hiyo hatukuijadili. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine.

"Na hii ni pesa ya kufungua," akasema. "Hata kama hamutaki tutengeneze, hii mutalipa. Laptopu haitoki mbele ya kulipa hii."

"Kufungua nini?" mama akauliza.

"Kufungua, tuangalie ugonjwa."

"Nilikuomba ufungue?"

"Nitatengeneza namna gani kama sijafungua?"

"Lakini haukutengeneza."

"Nilifungua."

"Sikia, mwana," mama akasema, akaweka viwiko kwenye kioo. "Nikiita mutu akuje kunilimia shamba. Akuje, asimame pembeni, aangalie, aseme: mama, shamba yako iko na majani mingi. Halafu arudi kwake. Nitamulipa?"

Yule wa magauni akasema "Eh!" kwa sauti ya kukubali, kijana akamtazama vibaya, naye akarudi kwenye magauni yake.

"Na ile kitu ya ndani," mama akaendelea, "ilikufa juu ya musumari? Musumari ulifika kule?"

"Hapana. Ilikufa yenyewe."

"Kumbe mulituuzia yenye kufa yenyewe. Na karatasi ndogo ya inje njo inalipishwa."

"Ni sili, mama! Sili ikitoka, sijui nani alifungua ndani. Pengine mulipeleka kwa fundi wa kule kambini."

"Fundi wa kambini angeitengeneza," nikasema. Hiyo ilinitoka.

Dada wakati huu wote alikuwa anasema kitu kimoja kwa sauti ndogo: kwamba yeye hataki itengenezwe, anataka tu kazi yake iliyomo ndani, aiweke kwenye flashi aondoke. Kijana akasema hilo linawezekana, mkono unaweza kuitoa. Akaongeza mstari wa tatu kwenye bili.

Mama alipoona ule mstari alitandika kitenge chake cha pili chini, karibu na mlango, akakaa.

"Mama, unafanya je?" dada akamuuliza.

"Ninangoja."

"Unangoja nini?"

"Atachoka."

Yule kijana hakujua ameingia kwenye mashindano gani. Mama yangu amengojea chakula, amengojea kadi, amengojea daktari, amengojea kuitwa jina ofisi ambayo ilikuwa imeshafungwa. Kungoja kwake ni kazi, anaijua kama fundi anavyojua skrubu. Alinyoosha miguu, akaanza kumsalimia kila mteja anayeingia. Mteja akiuliza kulikoni, alielezwa, kwa Kiswahili na mikono, kuanzia likelemba. Wawili wakaingia wakatoka bila kununua. Mwanamke mmoja aliyekuja na laptopu yake akaikumbatia tena kifuani akaenda nayo. Nilianza kufurahi. Nilimwambia kijana kwamba mama alipokaa hivi mara ya mwisho, ofisi ilihama.

Akampigia simu bosi.

Bosi alikuwa mama mtu mzima, mwenye gauni zuri na sauti ya chini. Wanaopiga kelele tumewazoea. Huyu alimwinamia mama pale chini, akamsalimia vizuri, akamwomba asimame, akamletea kiti. Kisha akaichukua laptopu, akaitazama ile alama kwa muda.

"Mama, usikasirike, nauliza tu," akasema. "Hii ni ya kwenu kweli? Kwa sababu watu wengine wanachoma hivi kuficha jina la mwenyewe wa kwanza. Na wewe unatoka kambini. Polisi wakiiona hivi wataniuliza mimi."

Mama alisimama. Alikiacha kile kiti kama kimeshika moto, akaifungua ile risiti mbele ya uso wa yule mama.

"Muhuri ni ya nani? Soma! Si duka yako? Si weye uliniuzia? Batu bote banaweka alama bajulikane ni bintu yabo, na weye unasema nimeweka alama njo maana si yangu?"

Bosi akaisoma risiti. Akasema, "Okei, ni yetu." Samahani hakusema. Akairudisha risiti kwenye kioo na kusema kwa sauti ile ile kwamba hata hivyo utaratibu ni utaratibu, pesa ya kufungua ilipwe.

Basi tukawa tumerudi palepale, na jua lilikuwa limeshavuka. Dada alitazama saa ya ukutani. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na sura zile zilikuwa hazijapangwa, hazijahakikiwa. Niliona anavuta pumzi. Kisha akaanza kuongea Kiingereza.

Kiingereza cha dada ni kizuri, kimenyooka, cha mtu aliyekula vitabu. Bosi alishtuka, akamgeukia kabisa. Dada alimwambia: samahani, madamu. Mama yangu ni mtu wa kijijini. Hajasoma. Anafikiri laptopu ni sawa na jerikeni. Mimi nilimkataza asiichome lakini hakusikia, ndivyo walivyo hawa, huwezi kuwaeleza. Na hizi kelele zote ni kwa kuwa haelewi. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wangu wote umo humo. Usiniadhibu mimi kwa ajili yake.

Alisema yote hayo akiwa amempa mama mgongo. Mama alikuwa nyuma yake, na risiti mkononi.

Dada hakumkataza mama. Nilikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini na taulo lake kichwani.

Uso wa bosi ulilegea. Alitikisa kichwa kwa huruma, akamtazama mama, akamtazama dada, akatikisa tena. Mama alielewa kwamba jambo limesogea ila hakujua limesogea wapi. Kiingereza chake kinaishia kwenye bei.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi. Mimi ndiye mkalimani wa nyumba, zahanati, shuleni, kila mahali, na nimezoea kutia chumvi. Ningeweza kusema anamwombea dua. Ningeweza kusema anamtishia jeshi. Lakini nilikuwa nimewakasirikia wote mle dukani, na zaidi yule niliyezaliwa naye, kwa hiyo nikatafsiri kama mtu anayesoma habari redioni.

"Anasema haukusoma. Anasema unafikiri mashini ni jerikeni. Anasema alikukataza, ukakataa kusikia. Anasema ndivyo mulivyo."

Dada aligeuka. Nadhani alikuwa amesahau kwamba mimi pia naenda shule.

Mama alimtazama. Muda si mrefu, kama wa kumtazama mtu unayetaka kujua amevaa nini. Halafu akaikunja risiti, akaitia kifuani.

"Kama ni hiyo tu njo ilikuwa inatakiwa," akasema, "mbona hakuisema tangu asubui? Tungeshafika nyumbani."

Bosi akapunguza pesa ya kufungua nusu. Ya kutoa kazi ndani akaisamehe. Mama alifungua fundo la kitenge, akalipa. Tulilipia nusu ya kutotengenezewa. Mkono ukatoka kwenye pazia na flashi. Tulipokuwa tunatoka, bosi akamshika mama bega, akamwambia kwa Kiswahili, "Mtoto wako ana akili sana, mama."

"Ndiyo," mama akajibu. "Yeye alisoma."

Dada alibaki Mbarara kwa binti mmoja wa kanisa letu ili afanye kazi kwenye kafe ya intaneti. Sisi tulirudi kambini na laptopu iliyokufa. Ijumaa mama akanituma kwa dada na sahani ya ugali na ndagala iliyofungwa kwenye kitambaa, kisha dakika ya mwisho akabadilisha mawazo, akaja mwenyewe pia. Njiani hakulitaja la duka. Alinieleza bei ya nyanya ya Kabingo na ya Ngarama, kijiji kwa kijiji, kama vile nimemuuliza.

Najua mtataka kujua: dada alipita, na vizuri. Siku hizi ana kazi, ndogo, lakini ya kukaa kwenye kiti. Wanawake wa soko wanampongeza mama, naye anapokea pongezi. Dada aliwahi kuniambia kwamba ilibidi, kwamba kama asingesema vile wale wanawake wote wangebaki mle ndani, na mama na kitovu changu pamoja nao. Ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba angeweza kusema uongo mwingine, kwamba tuna mjomba polisi kwa mfano. Akasema hakuufikiria. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ule ulikuwa wa kwanza kumjia.

Ijumaa ile tulimkuta kwenye kompyuta ya pembeni, macho mekundu, amemaliza. Ilibaki kutuma. Alituona, akasimama, akamvutia mama kiti chake.

"Mama, njoo," akasema. "Njoo ubonyeze weye. Ni hapa tu."

Alikuwa anatabasamu kwa kulazimisha, na mkono wake ulikuwa umeshashika mkono wa mama. Mama aliutazama ule mshale kwenye kioo. Aliuvuta mkono wake taratibu, bila hasira, akaufuta kwenye kitenge kama vile una samaki.

"Bonyeza weye," akasema. "Mimi sikusoma. Nitaharibu."

"Mama..."

"Bonyeza, mutoto. Saa zinakwenda."

Dada akabonyeza. Kioo kikazunguka kidogo, kikaandika kwamba imepokelewa. Hakuna aliyepiga makofi, hata mimi. Mwenye kafe akatuambia tulikuwa bado na dakika tulizozilipia, kama tunataka tuangalie kitu chochote. Nikakaa kwenye kile kiti ambacho mama alikikataa, nikaweka vidole kwenye herufi. Wao wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, kila mmoja anatazama upande wake, wanangoja nichague.